Maziwa ya Ng'ambo na Watoto wa Ubwari

Furaha, wewe na wenzako mnaoingia kazini pale kwa kilo, penye mizani ya watoto, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Sitayasahau. Ninaandika kwa sababu kesho watakuja watu wenye suruali iliyopigwa pasi na kuwaeleza mambo haya namna nyingine.

Wengine wanaacha kazi na mvi. Mimi ninaiacha na mtoto mgongoni, mwingine tumboni, na meno yangu yote. Niliambiwa mwanamke mwenye tumbo hapendezi mbele ya wageni. Kazi yenyewe ni kupima watoto na kuwanywesha maziwa. Sijui walifikiri watoto hao wanaokotwa wapi. Habari za mshahara na cheo sitaandika. Zingeenea kwenye ukucha.

Nilifika Baraka mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, nimetoka shule ya masista, Kifaransa kimejaa mdomoni na mikono haijui kitu. Nyumba ya kilo ilikuwa hiyohiyo mnayoijua, chumba kimoja na baraza, mizani inaning'inia kwenye boriti, jiko nyuma. Aliyenipokea ni Mama Apolina. Alikuwa mjane, mikono minene, na alizalisha wanawake wa pwani hii ya ziwa kabla Bulamatari, serikali ya wazungu, hajafikiria kujenga nyumba yoyote hapa. Nusu ya wanaume wa soko la Baraka walipita mikononi mwake. Akigombana nao juu ya bei ya ndakala, dagaa wetu, aliwakumbusha walivyotoka.

Siku ya kwanza alinipa sufuria ya maji yanayochemka na unga wa maziwa, akaniambia nitengeneze. Nikafanya kama tunavyofanya bugali, nikaumwaga unga wote kwenye maji ya moto na kuusonga kwa nguvu. Yakatoka mabonge. Ukilivunja bonge, ndani lina unga mkavu.

Mama Apolina akatazama sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Ku masomo banakufundisha nini?"

"Mambo mengi, mama."

"Na bugali banakufundisha. Ile naona. Sasa sikiya, binti yangu. Bugali unaipiga. Maziwa unaibembeleza."

Basi yabembelezeni. Maji yachemke, kisha yapoe mpaka kidole kivumilie. Unga kidogo, maji kidogo, ukoroge kwa kijiti kile cha matawi matatu mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto, ndipo uongeze maji polepole. Tia chumvi kidogo, na sukari ikiwapo. Onja kabla ya kumpa mtoto. Maziwa haya yametolewa mafuta, yana harufu ya karatasi, na mtoto anaijua harufu hiyo kabla yenu. Akikataa, changanyeni na uji. Kama bado anakataa, mama yake anywe kwanza mbele yake, na asikunje uso.

Wamama wenyewe walikuwa na maswali. Mama mmoja wa Kiislamu wa pale ufukweni alishika kopo, akanusa, akasema, "Mbele ya yote muniambie. Iko ya nguruwe?"

Mama Apolina akamjibu, "We uliona wapi muntu anamukamua nguruwe?"

"Bazungu banaweza."

"Ile kweli. Lakini hii ni ya ngombe. Mi mwenyewe nakunywa, na unaniona niko na mkia?"

"Geuka nikuangalie," akasema yule mama, wakacheka wote barazani, mtoto akanywa.

Sasa sheria, maana ndani yake mtafanya kazi. Maziwa yalitoka ng'ambo, zawadi kwa watoto, yakapita kwa Bulamatari, yakakaa depo ya Fizi kule juu, kisha gari likatuteremshia mapipa. Na sheria ilikuwa kwamba mtoto anywe hapahapa, mbele ya macho yetu. Kubeba nyumbani ni marufuku. Waliotuma walitaka kuwa na hakika kwamba maziwa yameingia koo la mtoto, si tumbo la baba yake. Hilo sikulikataa, na leo pia silikatai. Lakini mtoto wa Ubwari koo lake liko ng'ambo ya maji. Kila siku avuke kwa mtumbwi, upepo uwepo au usiwepo, ili sisi tumwone akimeza. Nilipouliza hilo, karani wetu Gaspard, mtu wa kutoka mbali aliyevaa tai hata Jumamosi, alisema, "Sheria haina mtumbwi." Alilipenda sana neno hilo. Alilirudia mpaka nikatamani kumzamisha nalo.

Kesi ngumu ni bwaki. Mnajua mtoto wa bwaki: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na zinang'oka, ngozi inabanduka, na halii tena, ananung'unika tu. Hiyo ni njaa ya mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa bugali na majimaji ya sombe, majani ya muhogo, basi. Lakini kwetu watu wanasema namna nyingine. Wanasema baba alimrudia mama kabla mtoto hajakua, maziwa yakaharibika. Kwa hiyo mtoto wa bwaki ni shahidi juu ya kitanda cha mama yake, na kila anayemwona anajua, au anadhani anajua. Ndiyo maana anafichwa. Anawekwa chumba cha nyuma, na mama anasema mtoto kaenda kwa bibi yake.

Mama Apolina alikuwa na njia yake, na ninawaachia. Anaingia kijijini, anaomba maji ya kunywa. Mgeni akiingia, watoto wote wanakuja mlangoni kumtazama. Anakunywa polepole, anaulizia habari, anawaangalia. Halafu anamwuliza mama, "Na yule mwenye kufwata huyu wa kwanza, mbona hakuya kuniona?" Mtoto mzima hawezi kujizuia kumtazama mgeni. Asiyekuja ndiye tuliyemfuata.

Hivyo tulimpata Wilondja, mtoto wa Feza, upande wa Ubwari. Alikuwa kama wa miaka miwili, uso umejaa maji, macho hayataki kitu. Feza alikuwa rika langu, mrefu, mkali, mumewe mvuvi. Alisimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo.

"Mutoto wangu analala."

"Nitangoja aamuke," Mama Apolina akasema, akakaa chini palepale kwenye kizingiti. Alikaa mpaka jua likahama. Mwishowe Feza akamletea mkeka, na baada ya mkeka akamleta mtoto.

Kwa sababu sheria haina mtumbwi, Mama Apolina aliwachukua Feza na mtoto wakalala jikoni kwake Baraka. Wilondja alikunywa kwa kijiko, mara nyingi, kidogokidogo, na wiki zilipopita uvimbe ukaanza kushuka. Siku moja alimpiga mtoto wangu Asende kwa ajili ya kijiti cha kukorogea. Sijawahi kufurahi hivyo mtoto wangu akipigwa.

Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba mgeni wa maziwa anakuja, mtu wa wale wa ng'ambo wanaoyatuma. Bulamatari alipaswa kumwonyesha yanakokwenda. Gaspard alipaka chokaa nyumba nzima, mpaka mawe ya njiani. Lakini niseme ukweli: watoto wa bwaki hakuwaficha yeye. Waliowaficha ni mama zao. Kwetu mgeni haonyeshwi njaa ya nyumba. Anapewa kiti kisichovunjika na kuku asiye mgonjwa, na mtoto anayemsalimia ni yule mwenye mashavu. Jioni ile Feza alifunga kikwembe, akambeba Wilondja.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Nyumbani. Sitaki nibachafulie nyumba yenu mbele ya mugeni. Mumenitendea vizuri."

Alisema kwa heshima kabisa. Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Alivuka.

Basi mgeni alikuta baraza limejaa watoto wanene kutoka Baraka na Lweba, wamepakwa mawese wanang'aa, wengine wamevaa nguo za kuazima. Wanakunywa, wanapiga mbweu. Alipiga picha. Aliwasifu wamama kwamba wanajua kulea. Bwana Ajenti, mzungu wa Bulamatari mwenye kushika depo ya Fizi, alitabasamu siku nzima kama mtu aliyewazaa yeye mwenyewe.

Gari lililofuata lilileta mapipa machache. Lililofuata hilo halikuleta kitu. Feza aliporudi na mtoto, sufuria ilikuwa imefunikwa. Tulimpa mayai tuliyoweza kupata, ndakala tulizoponda, karanga. Lakini mayai ya kuku wa Mama Apolina hayawezi kulea pwani nzima, na miguu ya Wilondja ikaanza kujaa tena.

Nilipanda Fizi. Nilipanda juu ya gari la kubeba ndakala, Asende mgongoni, na harufu ile ilifika ofisini kabla yangu. Nilimsemesha Bwana Ajenti Kifaransa, vizuri, kama nilivyofundishwa. Akanijibu kwa Kiswahili cha jikoni, ili kila mmoja wetu akae mahali pake.

"Baraka hapana bwaki. Mugeni naona na macho yake."

"Watoto wa bwaki wapo, bwana. Walifichwa. Mtoto mmoja analala jikoni kwetu sasa hivi."

"Maziwa natoka depo. Yote natoka. Mi najibu kwa mukubwa yangu, mukubwa najibu kwa Ulaya. Kila kitu mzuri."

"Na kwa mwenye mtoto anajibu nani?"

Alifikiri kidogo, nadhani kwa kweli hakuwahi kuulizwa. "Mwenye mutoto nasema asante," akasema, akafungua mlango.

Yalikokwenda maziwa hakuniambia. Niliambiwa sokoni Baraka, bila kuuliza, na wanawake walioteremka kutoka Lulimba kununua samaki. Mmoja alikuwa anacheka.

"Ku machimbo sasa bantu ba ndevu banakunywa maziwa ya batoto. Banapewa na posho. Wangu anasema inamuumiza tumbo, anapikia mbwa."

Wachimba dhahabu walikuwa wamepewa maziwa yetu pamoja na unga wao. Depo ilisema yametoka, na yalikuwa yametoka. Hakuna aliyesema uongo popote. Nilikaa chini kati ya vikapu vya ndakala, nikaelewa kwamba kama ningesubiri mtu aibe ndipo nikasirike, ningesubiri milele.

Mvua zilipoanza tulisikia kwamba mgeni atapita tena akirudi kutoka kusini. Safari hii mimi na Mama Apolina tulivuka Ubwari. Tulikaa uani kwa Feza, wanawake wakaja, na niliwaambia wazi: wale watoto wa vyumba vya nyuma, waleteni mbele, wakae mstari wa kwanza.

Mama mkwe wa Feza alitema mate pembeni. "Mwanamuke gani anaanika haya yake ku juwa, mugeni anapita?"

"Bibi, haya yenu iko Lulimba," nikamwambia. "Inachanganywa na chakula ya mbwa."

"Usiniletee mdomo ya masomo. We mutoto wako ni munene."

"Ni kweli. Na siku iliyopita mgeni alimwona wangu, akadhani ni wenu wote. Mnataka amwone tena?"

Mama Apolina akaongea, kwa Kibembe, taratibu. Niliyoyashika ni haya: mtu akikutumia mzigo, na mbebaji akauacha njiani, humfichi mbebaji kwa sababu nguo yako ina matundu. Unatoka na matundu yako, unauliza mzigo.

Hilo walilielewa wote. Njia za kwenda milimani zinajaa wabebaji, na kila mtu anajua desturi: mbebaji anaulizwa na pande mbili, aliyemtuma na anayepokea. Bulamatari alijifanya mwenye mzigo. Alikuwa mbebaji tu.

Bado hakuna aliyesimama. Kisha Feza akaongea, Wilondja amelala mapajani mwake bila kulia. "Mi nitaenda. Bacheke. Bacheke mutoto wangu akiwa mzima, hapana akiwa ku kaburi."

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake. "Basi umupake mafuta kwanza," akasema.

"Hapana, mama. Vile iko."

Mume wangu ni mwalimu. Alipojua, aliniuliza kama nataka tufukuzwe sote wawili. Nikamwambia nikifukuzwa nitapika nyumbani, naye akifukuzwa atavua. Hakujua kuvua, na alinikumbusha. Lakini asubuhi ile alitubebea mikeka.

Mitumbwi ilifika mapema. Wanawake wa Ubwari wakaketi barazani mbele kabisa, watoto mapajani, vikwembe vimefunuliwa, miguu ile iliyovimba imenyooshwa wazi. Na jambo ambalo sikulitegemea: walipowaona, wanawake wawili wa Baraka niliowajua vizuri waliinuka, wakaenda nyumbani, na kurudi wamebeba watoto ambao sikujua kwamba wapo.

Gaspard alitoka na tai yake, akasimama kama aliyepigwa na mlango. "Hawa warudi nyuma ya nyumba. Mugeni anakuja."

"Anakuya kwetu," Feza akasema bila kugeuza kichwa. "We ndio urudi nyuma."

Mgeni alishuka garini, Bwana Ajenti nyuma yake. Alipita mstari wa kwanza polepole. Akafika kwa Wilondja, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Akauliza mama huyu anasema nini. Feza alikuwa amesema, "Muulize maziwa ya mutoto wangu iko wapi."

Gaspard akatafsiri kwamba mama anatoa shukrani.

Hapo nilisema, kwa Kifaransa: "Samahani, bwana. Hakusema hivyo. Anauliza maziwa ya mtoto wake yako wapi."

Bwana Ajenti aliniambia ninyamaze. Mgeni akasema niendelee. Basi mama mmoja mmoja alisema, nami nikasema nyuma yake, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Haikuhitaji. Kisha mgeni alimgeukia Ajenti na kumwuliza yalikwenda wapi. Akasema yaligawiwa mahali yalipohitajika. Wapi? Lulimba. Kuna watoto wangapi kwenye machimbo ya Lulimba? Bwana Ajenti akatazama ziwa. Lilikuwa ziwa lilelile.

Mgeni alivua kofia. Aliniambia nimweleze Feza kwamba kule kwao maziwa haya yananunuliwa na watu wa kawaida, wengi ni wamama, na ana haya mbele yao. Feza alisikiliza.

"Mwambie haya aache, tumechoka nayo," akasema. "Atufanyie kintu."

"Wanataka kitu gani?" mgeni akauliza. Nadhani alitegemea asikie: maziwa zaidi.

Feza akajibu kwamba wanataka mambo mawili. Maziwa ya Ubwari yavuke maji na kunyweshwa Ubwari, mbele ya mtu wa kilo. Na kila pipa linalofika Baraka lifunguliwe wakati wanawake wanaona, wa Baraka na wa Ubwari pamoja. "Kama tunaona linafunguliwa, hata mutu mwenye haijui kusoma atajua kama ilifika, na kama haikufika. Na sisi bamama hatuna depo ya kufunga mdomo."

Nilitafsiri pia hilo la mdomo. Mgeni akakubali palepale, mbele ya watu wote, na Ajenti ikabidi akubali kwa kichwa.

Mapipa yalirudi. Wilondja alikaa tena jikoni kwa Mama Apolina, na ilikuwa ngumu, mara mbili tulidhani anaondoka. Halafu nywele zake zikaanza kutoka nyeusi chini, kwenye mzizi, nyekundu zikabaki juu kama kofia. Angalieni hapo, kwenye mzizi. Mizani inaweza kudanganywa na maji ya uvimbe, nywele haziwezi. Bwana Ajenti hakuadhibiwa. Alihamishwa mji mkubwa, akasimamia depo kubwa zaidi. Mimi niliendelea kwa muda, wakinitazama kama mwiba, mpaka tumbo hili likaonekana, wakapata sababu.

Siku yangu ya mwisho, Furaha, ulikuwepo, lakini ulikuwa mgeni na labda hukuelewa ulichokiona. Gari lilikuwa limeshusha pipa. Wamama wa Baraka walikuwa wamekaa, watoto wanalia njaa, na ziwa limechafuka. Hakuna mtumbwi uliotokea upande wa Ubwari. Gaspard, bado na tai, alisema tufungue tu, watoto wanateseka, hawa wengine wataelezwa.

"Hapana," nikasema.

"Wewe huna kazi tena hapa, Mama Asende."

"Ndiyo maana siwezi kufukuzwa."

Mama Apolina akachochea moto chini ya maji, maana maji yanaweza kuchemka bila ruhusa ya mtu. Tukawapa watoto ndizi. Tukangoja. Wamama wa Baraka ndio walionishangaza. Hakuna hata mmoja aliyesema tufungue. Mmoja alipoona Gaspard anakaribia pipa, alihamisha mkeka wake, akakaa kati yake nalo, akaendelea kunyonyesha.

Upepo ulitulia mchana. Walifika wameloa mpaka kifuani, Feza mbele. Hakusalimia mtu. Alizunguka pipa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko, pande zote, polepole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye kikwembe.

"Fungua," akasema.

Gaspard, kwa mazoea, alininyooshea mimi kisu cha kufungulia. Nikakupa wewe.